Jina Usoni, Mashine Tumboni

Saa ya Seiko 5 yenye mashine ya 7S26 hupiga mara 6 kila sekunde. Kwa siku moja hiyo ni mipigo 518,400, na kwa mwaka inapita milioni 189. Iliyovaliwa miaka 10 bila kufunguliwa imekwisha kupiga karibu mara bilioni 1.9 kwa mafuta kidogo yaliyotiwa kiwandani, na mara nyingi bado inatembea. Mnunuzi huiokota mezani, akaitikisa, akaona mshale wa sekunde umeondoka, akatoa pesa akiamini amepata saa nzima.

Kutembea si uzima. Mashine ya saa inaweza kuendelea kupiga huku vyuma vyake vikisagana vikavu, na kadiri inavyovaliwa ndivyo inavyojila. Wapenzi wa saa za kimakanika zilizotumika, wale wanaozinunua na kuzifungua wenyewe baada ya kazi, hushughulika na pengo hilo kati ya saa inayotembea na saa iliyo nzima. Swali linalowakabili kila wanapotoa pesa ni moja: hasa wananunua nini? Wengi hujibu kwa kutaja jina lililoandikwa usoni. Jibu lenye manufaa zaidi liko tumboni: aina ya mashine, hali yake, na kama spea zake zinapatikana. Jina linafaa kuja baada ya hayo matatu.

Kwa nini bado zipo nyingi

Tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono iitwayo Astron, ya kwanza sokoni kuongozwa na fuwele ya kwatzi inayoendeshwa kwa betri. Bei yake ilikuwa kubwa mno, lakini katika muongo uliofuata saa za betri zilishuka bei haraka, na kwa usahihi hakuna saa ya springi iliyoweza kushindana nazo. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 katika sekta ya saa mwaka 1970, ilibaki na zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vingi vilifungwa, vikiwemo vile vidogo vilivyotengeneza springi, mihimili na skrubu kwa ajili ya majina makubwa.

Saa zilizokwisha kuuzwa hazikupotea. Zilikaa kwenye droo, zikarithiwa, zikarudi sokoni. Na si kila nchi iliyoacha kuzitengeneza. Seiko yenyewe iliendeleza ukoo wa Seiko 5 ulioanza mwaka 1963: saa ya otomatiki, yenye siku na tarehe, inayostahimili maji, kwa bei ya mtu wa kawaida. India nayo ilikuwa na HMT, shirika la serikali lililoanza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani, likavalisha vizazi viwili vya walimu, makarani na wafanyakazi wa reli, mpaka serikali ilipoidhinisha kufungwa kwake mwaka 2016. Urusi ilikuwa na Vostok ya Chistopol, kiwanda kilichohamishwa kutoka Moscow wakati wa vita mwaka 1941.

Kwa hiyo soko la leo ni pana, na linafika mbali. Seiko 5 nyingi zina gurudumu la siku lenye Kiingereza upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, kwa kuwa zilikusudiwa wanunuzi wa nchi za Kiarabu. Moja ya aina hiyo ikionekana Mombasa au Unguja, maandishi hayo tayari yanadokeza ilikopitia kabla ya kufika.

Kinachoua saa

Kabla ya kujadili bei, ni vizuri kujua saa huharibikaje. Ndani ya mashine kuna springi kuu iliyojikunja ndani ya kikopo. Nguvu yake hupita kwenye msururu wa magurudumu yenye meno hadi kwenye kipande chenye umbo la nanga, ambacho huachia jino moja kwa kila mpigo. Kinachokiamuru ni gurudumu la mizani, linaloyumba kwenda na kurudi kwa msaada wa springi nyembamba iliyojizungusha katikati yake. Mihimili ya magurudumu haya ina ncha nyembamba sana, zinazozunguka ndani ya mawe mekundu ya rubi.

Mawe hayo husifiwa sana na wauzaji. "Ina mawe 21," husemwa, kana kwamba mnunuzi anapewa vito. Tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza mbinu yake mwaka 1902, rubi hutengenezwa kiwandani kwa gharama ndogo. Kazi yake ni kupunguza msuguano. Saa ya kutia ufunguo kwa mkono yenye mawe 17 imekamilika; nambari inayozidi hapo huhusu vipande vya ziada kama vile mfumo wa otomatiki, na haiongezi thamani peke yake.

Adui wa kwanza wa mashine ni mafuta yaliyokauka. Baada ya miaka kadhaa mafuta huganda au husambaa mbali na mahali pake, ncha za mihimili zikaanza kulika na kutoa unga mweusi unaofanya kazi ya msasa. Wa pili ni maji. Mpira wa kifuniko cha nyuma na ule wa kitufe cha kutilia ufunguo hukauka na kupasuka, na maandishi ya kustahimili maji yaliyochorwa kwenye kasha hubaki pale pale hata kinga ikiisha. Mwambao wa Afrika Mashariki, wenye jasho, chumvi na hewa nzito, huimaliza saa ya namna hiyo haraka kuliko nyanda za juu. Kutu kwenye springi nyembamba ya mizani mara nyingi ndiyo hukumu ya mwisho.

Wa tatu ni kuanguka. Kinga ya mshtuko aina ya Incabloc ilibuniwa Uswisi mwaka 1934, na Seiko ina yake iitwayo Diashock: jiwe hushikwa na springi ndogo inayolegea saa inapogongwa, kisha ikalirudisha mahali pake. Saa za zamani zisizo na kinga hiyo huvunjika mhimili wa mizani kwa anguko moja tu.

Wa nne ni sumaku, naye ni mwepesi kutibika. Spika ya simu au kibanio cha mkoba vinaweza kuipa springi ya mizani usumaku. Mizunguko yake ikagandana, saa ikaanza kukimbia dakika nyingi kwa siku. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo, na kazi yake ni ya sekunde chache. Mnunuzi anayelijua hili hununua kwa bei ya saa mbovu kitu kisicho na ubovu wowote wa kudumu.

Udanganyifu huanzia usoni

Kwa kuwa wanunuzi wengi hutazama uso, walaghai nao hufanya kazi yao huko huko. Mfano mkubwa wa nguvu ya uso ni saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa kwa mnada New York mwezi Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Mmiliki aliipandisha bei, lakini hata Daytona za watu wasiojulikana zenye uso wa namna ile huuzwa ghali mara kadhaa kuliko zenye uso wa kawaida na mashine ile ile. Oman ina mfano wake: Rolex zilizoagizwa enzi za Sultan Qaboos zikiwa na nembo ya jambia usoni. Nembo hiyo ndogo hupandisha bei kupita kiasi, na ndiyo sababu jambia za kuchora baadaye nazo zipo sokoni.

Kwenye saa za bei nafuu ulaghai ni wa wingi. Saa nyingi za HMT zinazouzwa leo kutoka India, hasa Mumbai, zimepakwa rangi upya. Utaona uso wa machungwa au wa buluu kali ambao kiwanda hakikuwahi kuutoa, herufi zilizovimba, mistari ya dakika isiyolingana na alama za saa, na neno moja limeinama kidogo. Ndani yake mara nyingi mna mashine iliyokusanywa kutoka saa tatu au nne tofauti. Favre-Leuba za Uswisi, zilizopendwa sana India, zimepatwa na mkasa huo huo.

Seiko humpa mnunuzi makini silaha nzuri. Nyuma ya kasha huandikwa nambari mbili zenye kistari kati yake: nne za kwanza ni aina ya mashine, nne za pili ni aina ya kasha. Chini kabisa ya uso, kwa herufi ndogo zinazohitaji lenzi, huandikwa tena nambari ya mashine na ya uso. Kasha likidai 7009 na uso ukidai 7S26, saa hiyo imeunganishwa na mtu. Nambari ya mfululizo nayo inasema: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, na ya pili ni mwezi, kuanzia 1 hadi 9, kisha herufi O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Haitaji muongo, lakini aina ya mashine husaidia kuukisia: 7S26, kwa mfano, ilianza mwaka 1996, hivyo haiwezi kukaa kihalali ndani ya saa inayosemwa kuwa ya 1985.

Kutoka hapo maswali ya kumwuliza muuzaji hujipanga yenyewe. Kuna picha ya mashine kifuniko kikiwa kimefunguliwa? Vichwa vya skrubu ni safi au vimechubuliwa na bisibisi isiyolingana? Kitufe kinavutika na kubadilisha tarehe? Kwa siku moja saa huchelewa au hukimbia kiasi gani? Muuzaji anayesema "imefanyiwa sevisi" aulizwe lini, na fundi aliyeifanya ni nani. Akishindwa kujibu, saa hiyo ipigiwe bei ya saa isiyowahi kufanyiwa sevisi.

Masikio nayo yana kazi, ila mashine ya kupimia mapigo ina kazi zaidi. Zile za Kichina hupatikana kwa chini ya dola 200, na zipo programu za simu zinazotumia maikrofoni kwa kazi hiyo hiyo, ingawa kwa uhakika mdogo. Kipimo cha maana kuliko vyote ni upana wa kuyumba kwa mizani. Saa yenye afya, ikiwa imejazwa na kulazwa chali, huonyesha takriban nyuzi 270 hadi 300. Iliyo chini ya 200 inaomba kufunguliwa hata kama inaonyesha saa sahihi, kwa sababu usahihi huo umepatikana kwa kusogeza kirekebishi huku uchakavu ukiendelea chini yake.

Mezani

Anayetaka kufungua saa hahitaji karakana. Anahitaji bisibisi za ukubwa tofauti zenye ncha zilizonolewa vizuri, vibanio viwili vya ncha kali, lenzi ya jicho, kifaa cha kung'olea mishale, kishikio cha mashine, pampu ya kupulizia vumbi na mwanga mzuri. Bisibisi mbovu huharibu saa nyingi kuliko umri. Ikiteleza mara moja juu ya bamba, mkwaruzo wake haufutiki.

Mpangilio wa kazi haubadiliki kwa matakwa ya mtu. Mishale hung'olewa, kisha uso, kisha gurudumu la mizani linatolewa kabla ya kitu kingine kuligusa. Hatua inayofuata ndiyo inayowaponza wanagenzi: nguvu yote ya springi kuu lazima iachiliwe taratibu kabla ya kugusa nanga. Nanga ikitolewa springi ikiwa imejaa, magurudumu hujizungusha kwa kasi kubwa na meno au ncha za mihimili huweza kuvunjika papo hapo. Baada ya hapo daraja za magurudumu hufunguliwa moja baada ya nyingine, na kila skrubu huwekwa mahali pake, kwa kuwa skrubu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa urefu.

Usafishaji hufanywa kwa vimiminika maalumu au benzini safi, na matundu ya mawe husuguliwa kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Hapa kosa la kawaida ni kulowesha mashine nzima bila kuifungua, ikatoka inang'aa huku uchafu mgumu ungali ndani ya mawe. Kosa jingine ni kunyunyiza mafuta ya cherehani. Mafuta ya saa hutofautiana: mazito kwa sehemu zinazokwenda polepole na kwa nguvu nyingi, mepesi kwa zinazokwenda kasi, na grisi kwa springi kuu na sehemu za kutilia ufunguo. Kiasi chake ni tone dogo linalokaa ndani ya kikombe cha jiwe bila kufurika. Ncha za mhimili wa nanga hazitiwi mafuta kabisa, na springi ya mizani haitakiwi hata kuonja.

Ndiyo maana saa ya kwanza ya kujifunzia isiwe ya otomatiki yenye siku na tarehe, wala ya wanawake yenye mashine ndogo. HMT yenye mashine ya 0231, ya kutia ufunguo na mawe 17, ni mwalimu mzuri: ni imara, rahisi kueleweka, na maiti zake za kutolea spea zipo nyingi. Wengine huanza na Unitas 6497 ya Uswisi, yenye kipenyo cha milimita 36.6 kwa kuwa ilibuniwa kwa saa za mfukoni, au na nakala yake ya Kichina iitwayo ST36, inayouzwa mpya kwa bei ndogo. Mashine mpya inayofanya kazi vizuri ina faida kubwa kwa mwanafunzi: ikikataa kutembea baada ya kuunganishwa, anajua tatizo limetoka mikononi mwake, wala hana haja ya kulitafuta kwenye umri wa saa.

Kuna jambo moja lisilostahili majaribio. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiumu kwenye mishale na nambari ili zing'ae gizani. Wasichana waliozipaka katika viwanda vya Marekani miaka ya 1910 na 1920, wakinyoosha brashi kwa midomo, waliugua na wengi wao kufa. Radiumu hupungua nusu kwa kila miaka 1,600. Rangi iliyoacha kung'aa imechoka kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imeharibika. Mionzi ingali pale pale. Kuikwangua rangi hiyo au kupuliza vumbi lake ni kujiwekea sumu mapafuni. Tritiamu iliyofuata, inayotambulika kwa herufi T karibu na maandishi ya Swiss chini ya uso, ina hatari ndogo zaidi na hupungua nusu kwa miaka 12 na ushee. Kwa mpenzi asiye na vifaa vya kujikinga, saa yenye rangi ya radiumu ibaki imefungwa.

Spea zi mikononi mwa nani

Hata mikono ikiwa mizuri kiasi gani, saa haiponi bila spea, na hapa ndipo jina kubwa linapogeuka mzigo. Kampuni nyingi za Uswisi huuza spea kwa mafundi waliosajiliwa nazo pekee. Mafundi wa Ulaya wasiosajiliwa walilalamika kwa Tume ya Ulaya wakisema huo ni uvunjaji wa ushindani. Mwaka 2014 Tume iliyakataa malalamiko yao, na mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaunga mkono uamuzi huo. Kama fundi mwenye duka Ulaya hawezi kuagiza gurudumu jipya la chapa fulani, mpenzi wa saa aliye Arusha au Kisumu ataagizaje? Atabaki kuwinda saa mbovu za aina hiyo hiyo, azing'oe viungo, na kuzilipia kwa bei inayopandishwa na jina.

Seiko imechukua njia nyingine. Kampuni hiyo huuza kwa watengenezaji wengine mashine za NH35 na NH36 zenye maumbo yanayokaribiana na 7S26, tena zinazokubali kutiwa ufunguo kwa mkono na kusimamisha mshale wa sekunde, mambo ambayo 7S26 haiyafanyi. Mpya hupatikana kwa makumi ya dola, mara nyingi chini ya gharama ya sevisi kamili nchi za Magharibi. Kwenye saa ambazo kitufe chake kiko karibu na nambari 4, magurudumu ya siku na tarehe lazima yabadilishwe ili maandishi yakae sawa dirishani, ila kazi hiyo haimshindi mpenzi mwenye subira.

Urahisi huo una gharama yake. Anayebadilisha mashine nzima kila inaposumbua hapati ujuzi wa kutengeneza, na saa hupoteza tumbo lake la asili. Kwa Seiko 5 ya kuvaa kazini hasara hiyo ni ndogo. Kwa saa ya marehemu babu, ambayo familia inataka ipige kama ilivyopiga mkononi mwake, ni bora kutafuta gurudumu moja kwa miezi kadhaa kuliko kuitupa mashine yote.

Hesabu na fundi

Je, hobi hii inalipa? Kwa fedha, mara chache. Anayenunua saa nafuu tatu, vifaa, mafuta na mashine ya kupimia atakuwa ametumia zaidi ya bei ya saa mpya nzuri, na saa tatu zilizotengenezwa na mwanagenzi hazirudishi gharama hiyo zikiuzwa. Usahihi nao si hoja: saa ya betri ya bei rahisi huzishinda, wakati Seiko yenyewe iliruhusu 7S26 kuchelewa sekunde 20 au kukimbia sekunde 40 kwa siku. Kinachopatikana ni kitu kinachoweza kufunguliwa, kueleweka na kurudishwa uhai na mkono wa binadamu, katika zama ambazo vifaa vingi vya mkononi vimegundishwa kwa gundi ili visifunguliwe kabisa. Hiyo ni sababu ya kutosha kwa wanaoipenda kazi hii, na inastahili kuheshimiwa.

Ujuzi wenyewe, hata hivyo, hauko kwenye vifaa. Uko kwa mafundi saa wenye meza ndogo za vioo kandokando ya mitaa ya miji yetu, wengi wao wakiishi leo kwa kubadilisha betri na kukata mikanda. Wazee miongoni mwao walijifunza kwa kukaa kando ya fundi mkuu enzi ambazo saa ya kutia ufunguo ilikuwa ndiyo saa. Mpenzi wa saa akimletea fundi wa namna hiyo mhimili uliovunjika, akakaa kuangalia na kulipia muda wa kufundishwa, pande zote mbili hunufaika: fundi anapata kazi inayolingana na ujuzi wake, na mwanafunzi anajifunza jinsi kibanio kinavyoshikwa bila kutetemeka, jambo ambalo video hailionyeshi vya kutosha.

Kwa anayeanza mwaka huu, mpango wa busara ni mdogo kuliko anavyotamani. Anunue saa mbili za aina moja yenye mashine ya kutia ufunguo, moja inayotembea na nyingine mfu. Ile mfu aifungue na kuifunga tena mpaka mkono uzoee, huku akiandika kila skrubu ilikotoka na kupiga picha kila hatua. Inayotembea aipime kwanza, aandike mwendo wake na upana wa kuyumba kwa mizani, kisha aifanyie sevisi na kuipima tena. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili itamwambia, kwa tarakimu, kama mikono yake iko tayari kwa saa ya tatu.